Kanzidata kongwe bado ina la kusema

Mwezi uliopita niliitwa kwenye kikao cha bodi ya chama kimoja cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, njia ya kwenda Muheza. Ajenda ilikuwa moja: programu ya kompyuta inayopokea lita za maziwa na kupiga hesabu za malipo ya wanachama ibaki au iondolewe. Programu yenyewe iliandikwa kwa FoxPro, zana ya kuunda kanzidata, yaani hifadhi ya data iliyopangwa kwa majedwali, katikati ya miaka ya 1990, ikahamishiwa Visual FoxPro, mrithi wake, miaka kadhaa baadaye, na tangu hapo haijaguswa sana. Kijana mmoja aliyemaliza chuo, mtoto wa mwanachama, alisimama, akawaamkia wazee, kisha akasema bila kusitasita kwamba kanzidata za umri huo haziwezi kushindana na zana za leo, na kila mwezi unaopita chama kinazidi kuachwa nyuma. Wajumbe wakatikisa vichwa kukubali. Mimi niliyeitwa kama fundi nilitarajiwa kugonga muhuri tu.

Sikugonga. Kijana yule ana hoja, na nitazieleza kwa haki, maana mimi mwenyewe nakula kwa zana mpya: mifumo ninayowatengenezea wateja wangu hapa Tanga siku hizi inafunguka kwenye kivinjari na kwenye simu. Ila naona katika shauri hili upande mmoja unahukumiwa bila kuwa na wakili. Neno "kongwe" likishatajwa, watu huacha kuuliza chombo kinafanya kazi gani, kwa ajili ya nani, na kikiharibika nani atakitengeneza.

Wanaozijua kazi hizi hawahitaji historia ndefu. Ukoo wa FoxPro unaanzia kwa Wayne Ratliff, aliyefanya kazi JPL, maabara ya anga huko California, na mwishoni mwa miaka ya 1970 akaandika programu aliyoiita Vulcan. Ashton-Tate wakaiuza kwa jina la dBASE II, na mafaili yake ya DBF yakaenea kwenye ofisi ndogo dunia nzima. Fox Software wakatoa programu yao ya ukoo huo huo, yenye kasi zaidi. Microsoft wakawanunua mwaka 1992. Visual FoxPro 9 ikatoka mwaka 2004. Mwaka 2007 ikatangazwa kwamba toleo la 10 halitakuwepo. Januari 2015 msaada wa mwisho ukakoma.

Wengi hufunga mjadala hapo: kiwanda kimefunga, basi bidhaa imekufa. Kwa mtu wa Tanga hoja hiyo haipaswi kukubalika kirahisi. Pita kwenye mashamba yetu ya mkonge uzione korona, zile mashine kubwa zinazokwangua jani mpaka ibaki singa. Nyingi ziliundwa miongo mingi iliyopita, na bado zinazunguka kwa sababu karakana za huku zinajua kuchonga visu vyake na kubadili beringi zake. Meneja wa shamba haulizi korona ilizaliwa lini. Anauliza singa inatoka safi kiasi gani, na kipuri kikivunjika leo atakipata lini. Hayo maswali mawili ndiyo niliyotaka bodi iyaulize kuhusu kompyuta yao.

Hoja ya kwanza ya kijana ilikuwa ukubwa. Jedwali moja la Visual FoxPro haliwezi kuvuka gigabaiti 2. Ni kweli tupu, na kwa mtu mwenye simu ya gigabaiti 128 mfukoni kikomo hicho kinasikika kama aibu. Niliomba chaki tukapige hesabu ubaoni.

Chama kina wafugaji wapatao 400. Kila mmoja huleta maziwa asubuhi na jioni, kwa hiyo mapokezi ni 800 kwa siku. Kwa mwaka mzima, hata tukichukulia kwamba hakuna anayekosa siku hata moja, zinapatikana rekodi 292,000. Rekodi moja ya mapokezi ina tarehe, nafasi 8, namba ya mwanachama, 6, alama ya asubuhi au jioni, 1, lita, 6, kituo, 3, bei, 8, karani aliyepokea, 3, maelezo mafupi iwapo maziwa yamekataliwa baada ya kupimwa, 20, na nafasi moja ambayo DBF huiweka mwanzoni mwa kila rekodi kuonyesha kama imefutwa. Jumla ni nafasi 56, yaani baiti 56. Chukua gigabaiti 2, yaani baiti 2,147,483,648, ugawe kwa 56: rekodi zaidi ya milioni 38. Gawa tena kwa 292,000. Jibu ni miaka 131.

Mjumbe mmoja mzee aliniuliza kama sijakosea nukta. Tukarudia, na jibu likawa lile lile. Chama kikikua mara tano, kikawa na wafugaji 2,000, jedwali lingejaa baada ya miaka 26, na hata hapo dawa yake ni kufungua faili jipya kila baada ya miaka kadhaa, kama karani anavyofungua daftari jipya. Nimeing'ang'ania hesabu hii kwa sababu naamini hapo ndipo mijadala mingi ya namna hii inapopotea njia. Kikomo kinachoweza kuiangusha benki au kampuni ya simu hakimgusi mfugaji wa Muheza kwa maisha yake, ya mwanawe wala ya mjukuu wake. Chama kilikuwa kinashonewa kanzu kwa kipimo cha mtu mwingine, tena kwa fedha zake chenyewe.

Kasi nayo niliitolea jibu la aina hiyo. Kompyuta ya mezani iliyopo pale ofisini, si mpya wala si ya bei, inamleta mwanachama kwenye skrini mara tu karani anapomaliza kuandika namba yake. FoxPro ilisifika enzi zake kwa mbinu iliyoitwa Rushmore, ya kutumia faharasa (orodha ya kutafutia rekodi haraka), na data ikiwa kwenye diski ya chumba kile kile haina safari ya kwenda seva ya mbali na kurudi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti nchini ikadorora, chama kilipokea maziwa asubuhi na jioni kama kawaida. Ilikuwa Jumapili, na ng'ombe hukamuliwa Jumapili pia.

Sasa upande wa pili, ambao nao ni mzito. Mwanachama wa leo anataka kuziona lita zake kwenye simu kabla hajafika nyumbani, na ana haki. Malipo yanakwenda kwa simu, hayapokelewi tena kwa bahasha dirishani. Taarifa za ushirika zinatakiwa ziingie kwenye MUVU, mfumo wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Visual FoxPro ni programu ya Windows ya biti 32. Hakuna simu inayoweza kuiendesha, na kuifanya izungumze na mifumo ya nje kunawezekana ila kwa kuungaunga. Kijana mwenye zana za leo anaweza kumjengea mfugaji ukurasa mzuri wa simu kwa siku chache. Katika kazi hiyo sina cha kumtetea mkongwe. Hashindani, na anayedai anashindana anamdanganya mteja.

Mfano wa kuhama kulikostahili upo humu humu nchini. Ufuatiliaji wa kaya ulioanza Ifakara mwaka 1996, kisha Rufiji mwaka 1998, ulitumia HRS, mfumo wa usajili wa kaya uliotokea Navrongo, Ghana, na ulioandikwa kwa FoxPro. Vizazi, vifo na uhamaji wa makumi ya maelfu ya watu viliingizwa humo, ziara baada ya ziara, na takwimu hizo zikasaidia kuonyesha chandarua chenye dawa kinaokoa watoto wangapi. Wadodosaji walipoanza kubeba tableti, kazi ikahamia mifumo mipya. Ilipasa, kwa sababu FoxPro isingeweza kufika mlangoni pa kaya na kuhakiki jibu palepale. Lakini HRS ilikuwa na kitu kingine zaidi ya majedwali. Ilikuwa na kanuni: aliyefariki hawezi kurekodiwa amehama, mtu mmoja hawezi kukaa kaya mbili kwa wakati mmoja. Kanuni za namna hiyo zisipohama pamoja na data, kinachohama ni orodha ya majina.

Jambo hilo la kanuni linaniuma mimi binafsi, kwa hiyo nitalisimulia.

Miaka kadhaa iliyopita chama kingine cha wafugaji, si hiki, kiliamua kuhama. Kampuni moja kutoka nje ya mkoa ilishinda zabuni, ikaja na mfumo wa wavuti uliotengenezwa vizuri, na nasema vizuri bila kuminya: kurasa zilikuwa safi, ripoti zilipendeza, nakala rudufu zilijifanya zenyewe usiku. Mimi niliitwa kusaidia kuhamisha data kutoka kwenye DBF. Nilihamisha kila jedwali, kila rekodi, hata zile zilizofutwa zikabaki na alama ya nyota. Jumla za zamani na mpya zikalingana hadi senti. Tukapeana mikono.

Mwisho wa mwezi wa kwanza wanachama walikuja dirishani, na baadhi yao, wengi wakiwa kina mama wajane wenye ng'ombe mmoja, wakaambiwa hawana malipo. Makato ya pumba, mashudu, dawa na mkopo wa mtamba yamekula fedha yote. Mfumo haukukosea hesabu. Deni lilikuwepo, maziwa yalikuwepo, kutoa na kujumlisha kulikuwa sawa. Tulitafuta kosa wiki nzima, kampuni ikitafuta kwake na mimi kwangu, hadi nilipokwenda nyumbani kwa karani wa zamani, Mwanzange, aliyekuwa amekwisha kustaafu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nasikia mmewakata watu zote."

"Deni lao ndilo lililokula, mama."

"Deni lao nalijua, mimi ndiye niliyekuwa naliandika. Si tulikubaliana nusu? Mwaka ule wa ukame, mkutano mkuu ulisema mtu asikatwe zaidi ya nusu ya maziwa yake, kinachobaki kiende mwezi wa mbele. Nilimwambia fundi akaliweka humo."

Alikuwa ameliweka. Ilikuwa mistari minne ya msimbo, yaani maagizo ya programu, katikati ya programu ya malipo, bila maelezo yoyote juu yake. Haikuwa kwenye katiba ya chama, na muhtasari wa mkutano ule haukuonekana. Makubaliano ya watu mia kadhaa, yaliyofikiwa katika mwaka wa shida ili mtu asirudi nyumbani mikono mitupu, yalikuwa yamehifadhiwa mahali pamoja tu duniani, ndani ya programu ambayo sote tulikuwa tumeiita takataka. Mimi nilihamisha majedwali. Msimbo sikuusoma, kwa kuwa hakuna aliyenilipa kuusoma, na kwa kuwa niliamini ulikuwa unakwenda kuzikwa.

Ilichukua miezi mitatu mpaka kanuni ya nusu ikarudishwa kwenye mfumo mpya, maana kila badiliko lilihitaji barua, makisio ya gharama na foleni ya kampuni. Katika miezi hiyo wapo waliouza maziwa kwa wachuuzi wa barabarani ili wapate fedha mkononi. Baadhi hawakurudi.

Lililotokea pale halikuwa kosa la zana mpya, na ningekuwa mwongo kusema vinginevyo. Mistari minne ile ingeweza kuandikwa kwa lugha yoyote ya leo kwa dakika kumi. Lakini linaonyesha kitu ambacho hakiingii kwenye jedwali la kulinganisha bei na sifa. Programu iliyotumika miaka ishirini imekusanya maamuzi ya watu, moja moja, kila mara karani alipomwita fundi akamwambia "hapa tunafanyaje". Iliwezekana kwa sababu FoxPro na ndugu zake ziliweka jedwali, fomu, ripoti na msimbo katika chombo kimoja ambacho fundi mmoja wa mtaani aliweza kukifungua mbele ya karani, akabadilisha, wakajaribu pamoja, akaondoka jioni. Umbali kati ya anayeijua kazi na anayeishika programu ulikuwa upana wa meza. Katika mifumo mingi ninayotengeneza leo umbali huo una seva, leseni ya mwezi, mtu wa sehemu ya mbele inayoonekana, mtu wa sehemu ya nyuma isiyoonekana na namba ya tiketi. Tumepata vingi katika mabadiliko hayo, na huo ukaribu tumeupoteza.

Waliotuzidi kwa ukubwa nao wameonja. Hospitali za maveterani wa Marekani zimeendeshwa kwa miongo mingi na VistA, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa unaokaa juu ya MUMPS, lugha na kanzidata iliyozaliwa Massachusetts General Hospital katika miaka ya 1960. Mwaka 2018 serikali ilisaini mkataba wa dola bilioni 10 na kampuni ya Cerner ili kuuondoa. Hospitali ya kwanza, ya Spokane, ilihama Oktoba 2020. Aprili 2023 kazi ya kueneza ilisimamishwa, ikiwa imefika vituo 5, kwa malalamiko ya usalama wa wagonjwa na mfumo kuzimika. Wale walikuwa na fedha, wanasheria na wataalamu wasiohesabika. Chama chetu kina karani mmoja na nusu.

Tuseme pia ukweli kuhusu umri wa hivyo vinavyoitwa vipya. Kanzidata ya mahusiano, yaani ya majedwali yanayounganishwa, ni wazo la E. F. Codd la mwaka 1970. SQL, lugha ya kuulizia kanzidata, ilianza IBM mwaka 1974. Mradi wa Postgres, ambao kijana yule aliutaja kama mfano wa kisasa, ulianza chuo cha Berkeley mwaka 1986, kabla jina la FoxPro halijaingia sokoni. Na kanzidata ya faili moja, inayodharauliwa kwenye DBF, iko kwenye simu ya kila mjumbe aliyekuwa kikaoni: SQLite, iliyotoka mwaka 2000, ndiyo inayotunza jumbe zake za WhatsApp, na watengenezaji wake wameahidi kuihudumia hadi mwaka 2050. Hata DBF yenyewe haijafa. Wapima ardhi na wataalamu wa mipango miji wanaobadilishana ramani kwa mtindo wa shapefile wanabeba faili la DBF ndani yake kila siku, na ndiyo sababu majina ya safu zao hukatwa yakizidi herufi 10. Ukipewa leo DBF ya mwaka 1990, LibreOffice ya bure itaifungua. Ukikosa hata hiyo, ifungue kwa programu yoyote ya maandishi na majina ya watu utayasoma kwa macho.

Linganisha na maisha ya baadhi ya zana zilizotangazwa kwa mbwembwe. Parse, huduma ya kuhifadhi data za programu za simu, ilinunuliwa na Facebook mwaka 2013, na Januari 2017 ikazimwa. Waliojenga juu yake ikabidi wahame. AngularJS, zana ya kujengea kurasa za wavuti, ilitoka mwaka 2010, ikafundishwa kila mahali, na msaada wake ukaisha mwishoni mwa 2021. Mfumo wa wavuti niliomtengenezea mteja mmoja wa Ngamiani kwa zana hiyo umebidi uandikwe upya, wakati FoxPro ya chama cha maziwa, yenye umri mara mbili yake, bado inalipa watu. Sisemi kuzeeka ni dhambi ya vipya. Nasema gharama ya kuandika upya kila baada ya miaka saba au minane haikuwekwa mezani kijana alipokuwa anaonyesha slaidi zake.

Mjumbe mmoja alinipendelea kwa kutoa methali: usiache mbachao kwa msala upitao. Nilimshukuru, lakini sikutaka kushinda kwa methali, maana kuna siku mbachao wenyewe unakuwa umetoboka. Nikawaeleza mahali ulipotoboka.

Faili la DBF halina kufuli. Yeyote anayeweza kufungua folda anaweza kuliweka kwenye flashi akaondoka na majina, namba za simu na madeni ya wanachama wote. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika Mei 2023, uzembe huo una bei mahakamani, na hata kabla ya sheria ulikuwa ni kukosa heshima kwa watu waliokuamini. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, faharasa huvurugika, na mwanachama aliyeleta maziwa anaweza kuonekana hakuleta hadi faharasa ijengwe upya. Kompyuta mbili zikiandika faili moja kupitia mtandao wa ndani wenye waya mbovu, balaa huongezeka. Kanzidata ya seva kama PostgreSQL, iliyotokana na Postgres ile, inaliandika badiliko kwanza kwenye kumbukumbu yake, kwa hiyo umeme ukirudi inajua pa kuanzia. Tofauti hiyo ni kubwa, na mahali ambapo umeme unakatika mara kwa mara ni kubwa zaidi.

Na la kutisha kuliko yote: fundi aliyeiandika programu ametangulia mbele ya haki. Msimbo wake ulikuwa kwenye flashi moja kwenye droo ya mwenyekiti, imefungwa kwa mpira. Ningeifikia droo ile mwaka mmoja baadaye, huenda ningekuta flashi haisomeki. Vijana hawafundishwi lugha ile vyuoni. Korona inaishi kwa kuwa karakana zipo nyingi; karakana ikibaki moja, na mwenye karakana akiwa mgonjwa, shamba linasimama. Kijana aliposema hivyo, kwa maneno yake, nilimuunga mkono mbele ya wote. Nilichoongeza ni kwamba ugonjwa huo haujaachwa mlangoni na zana mpya. Chama kile kingine kilichohama, kampuni ilipopunguza wafanyakazi, kilikaa wiki kadhaa bila kujua nani ana nywila ya seva.

Kwa hiyo ushauri wangu ulikuwa huu, na naamini nitausimamia popote. Kazi ya ndani, yaani kupokea, kupiga hesabu na kuchapa karatasi ya malipo, ibaki kwenye programu ya zamani kwa sasa, maana kazi hiyo haijabadilika na programu inaifanya bila kukosea. Kila usiku data inakiliwa kwenda kwenye kanzidata ya PostgreSQL, na kutoka huko ndiko zitokee ujumbe wa simu kwa mwanachama, ukurasa wa kuangalia lita, na taarifa za MUVU. Kijana anajenga upande huo kwa zana anazozijua, na akiubadilisha mara tatu kwa miaka kumi, karani hatasumbuliwa. Diski ifungwe kwa nywila, kila karani awe na akaunti yake, betri ya akiba inunuliwe wiki hii. Na kanuni zote zilizomo kwenye msimbo zisomwe moja moja, ziandikwe kwa Kiswahili kwenye karatasi, zipelekwe mkutano mkuu zithibitishwe au zifutwe. Hapo, siku chama kikifungua kituo kingine mbali kinachohitaji kuandika kwa wakati mmoja na makao makuu, au Windows mpya ikikataa kuiendesha FoxPro, kuhama itakuwa kazi ya kawaida ya ufundi. Bodi ilikubali kujaribu kwa mwaka mmoja.

Kijana alinifuata nje baada ya kikao, akaniomba auone msimbo. Jumamosi mbili zilizopita tumekaa pamoja kwenye ofisi ile, yeye anasoma kwa sauti, mimi naeleza, mama karani wa sasa anasema kama ndivyo wanavyofanya. Tumeandika kanuni 22 hadi sasa. Ya 17 ndiyo iliyotusimamisha: maziwa ya kituo kimoja, peke yake, yanagawanywa kwa 1.03 kabla ya kulipwa. Kijana alidhani ni kosa, au wizi. Baadaye akakumbuka kwamba lita moja ya maziwa ina uzito wa takriban kilo 1.03. Inaelekea kituo kile zamani kilipima kwa mizani, si kwa kopo, na mgawanyo ule ulikuwa unageuza kilo kuwa lita. Mama karani hajui, aliajiriwa baadaye. Ikiwa mizani bado ipo, kanuni ni halali na mfumo mpya wowote lazima uibebe. Ikiwa iliondolewa na watu sasa wanapimiwa kwa kopo, basi wafugaji wa kituo kile wamekuwa wakipunjwa karibu asilimia 3 kila siku, kwa miaka, na programu ninayoitetea. Jumanne alfajiri tunakwenda huko wote wawili, kabla maziwa ya asubuhi hayajaanza kupokewa.